Ng'ombe anapandishwa anarudi, je ni mnara?

Siku hizi minara ya simu imejaa kwenye vilima vya Rungwe na Busokelo huku Mbeya, na swali naloulizwa sana na wafugaji sio dawa ya kupe wala bei ya mashudu, ni hili: daktari, huu mnara haujawaharibu ng'ombe wangu kweli? Mbona wanapandishwa wanarudi, yani mimba haishiki wanataka dume tena? Kazi yangu ni kupandisha kwa mrija, kwahiyo mimba isiposhika wa kulaumiwa ni wawili tu, mnara na mimi hahaha.

Mawimbi ya simu ni ya redio, megahezi 900, 1800 na kuendelea huko. Hayavunji vinasaba kama eksirei, yakizidi kinachojulikana wazi ni kwamba yanapasha joto. Na joto kwenye uzazi sio la kupuuza, korodani za dume zinaning'inia nje sababu zinatakiwa ziwe nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili. Zile habari za panya mnazotumiana WhatsApp kwamba mbegu zimelegea, nyingi panya kafungiwa kwenye kiboksi antena iko karibu kabisa na mwili wake, masaa kwa masaa, na hata hivyo majibu ya tafiti hizo hayafanani. Ng'ombe wako yuko zizini, mnara uko kilimani. Umbali ukiwa mara mbili nguvu inabaki robo, ukiwa mara kumi inabaki moja ya mia. Alafu antena zinarusha kwa mbele, sio chini miguuni kwake, kwahiyo yule anayekula majani pembeni ya uzio wa mnara anapata kidogo kuliko mnavyodhani.

Ukitaka ushahidi wa ng'ombe wenyewe, angalia laini kubwa za umeme, ingawa hayo sio mawimbi ya simu. Uswidi waliweka mitamba, yani majike ambao hawajazaa, chini ya laini ya kilovolti 400, hezi 50 kama umeme wetu, wengine wakawaweka mbali, majibu yakatoka 1987: joto (la kutaka dume) walionyesha sawa na mimba walishika sawa. Hii yetu inayotoka Iringa kupita Mufindi kuja Mbeya ni kilovolti 220. Kanada nao, chuo cha McGill, waliwafungia ng'ombe wa maziwa kwenye chumba chenye nguvu ya umeme ya kilovolti 10 kwa mita na ya sumaku ya mikrotesla 30, wakaona vitu vidogo vidogo, wanakula zaidi kidogo, mzunguko wa joto kuna jaribio ulirefuka kidogo. Utasa hawakuuona. Ile ripoti ya Ujerumani ya 1998, ya ng'ombe waliokaa karibu na minara, ni kundi moja tu la ng'ombe kwenye shamba moja, mimi siwezi kujenga hoja juu ya hilo.

Umeme ninaouogopa mimi ni unaovuja. Mashine ya kukata majani au pampu ya maji imefungwa kienyeji, waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haupo au umekatika, basi bomba na hori la chuma vinabeba volti moja mbili. Wewe na gambuti zako husikii kitu. Ng'ombe ana miguu minne kwenye sakafu yenye maji, anasikia. Muangalie akinywa: pua inagusa maji, anarusha kichwa nyuma, anarudi analamba lamba tu, au anasubiri mpaka mashine izimwe ndo anakunywa vizuri. Asiponywa hali, asipokula anakonda, na ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa joto halirudi mapema. Na usinijibu kwamba fundi kapima na testa haijawaka, testa haiwaki kwa volti mbili, mwambie aje na multimita apime kati ya hori na sakafu pale anaposimama ng'ombe.

Hayo yote pembeni, wengi wanaorudi ni muda tu. Joto linadumu masaa 12 mpaka 18 hivi na mara nyingi linaanza usiku, sasa ng'ombe yuko peke yake bandani, hana mwenzake wa kumpanda, nani amuone? Unanipigia keshokutwa yake mchana, nakuja, yai limeshapita. Kiangazi napo analishwa migomba, yani maji matupu, hana pumba hana madini, atapata wapi nguvu ya kushika mimba. Na sisi wapandishaji tuna yetu, naitrojeni, ule ubaridi wa kutunzia mbegu, ikipungua kwenye mtungi mbegu zinakufa na kwa macho huwezi kujua, kwahiyo usione aibu kumuuliza mtaalamu wako lini mara ya mwisho kajaza.

Kwahiyo ukiona ute mwepesi unaovutika kama wa yai asubuhi, piga asubuhi hiyohiyo nije jioni. Ukiuona jioni, mimi kesho alfajiri niko kwako. Ila kama alishika kisha akatupa mimba ya miezi mitano kwenda juu, hiyo ni habari nyingine kabisa, usiguse kondo kwa mikono mitupu, maziwa yake chemsha, na tutoe damu ikapimwe brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, kabla hujaazima dume la jirani.