Kuvimba miguu hakutibiwi kwa kuacha maji

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Tanga. Kaskazi ikishaanza kuvuma na joto likakolea, akina mama wa miezi minane na tisa huniletea neno lile lile: "Nesi, miguu imevimba, nimepunguza maji." Mmoja kaambiwa na mama mkwe, mwingine na shoga yake barazani, mwingine kalisoma kwenye simu. Nimelisikia mno, na kila mara naona madhara yake mezani pangu. Kwa hiyo nitakaa nalo kwanza, mengine yatafuata kwa ufupi.

"Miguu imejaa maji, basi maji yapunguzwe"

Mwili si ndoo, kwamba ukiacha kumimina itakauka. Katika ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida. Mji wa mimba wa wiki 36 unakandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka miguuni, na homoni nazo zimelegeza kuta za mishipa hiyo. Damu inapanda kwa shida, majimaji yanachuja nje ya mishipa na kutuama vifundoni. Ndiyo maana uvimbe huzidi jioni, huzidi kwa aliyeshinda amesimama kwenye meza ya chapati, na huzidi wakati wa joto, kwa sababu joto hutanua mishipa. Tatizo ni njia ya kurudi. Kiasi ulichokunywa hakihusiki.

Ukiacha maji, figo zinabana kile kidogo kilichopo. Uvimbe unabaki pale pale, ila sasa mkojo umekuwa mzito na bakteria wanapata nafasi, choo kimekuwa kigumu, bawasiri inaanza kuuma, na tumbo linakaza ovyo kabla ya wakati wake.

Kuna dada mmoja wa Makorora, mimba ya kwanza, alikuja midomo imepasuka, analalamika mkojo unawaka na tumbo linakaza. Kikopo cha mkojo alichonirudishia kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Presha ilikuwa nzuri, na mkojo haukuwa na protini. Nikamuuliza, "Mwanangu, tangu asubuhi umekunywa nini?" Akajibu, "Kikombe kimoja cha chai, nesi." Ilikuwa imeshapita saa tisa alasiri, na jua la Tanga mnalijua. Alitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, akanyweshwa maji, na tumbo likatulia. Maambukizi hayo yakiachwa yanaweza kupanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya miezi kutimia. Hayo yote yaliletwa na ushauri wa barazani, na miguu yenyewe haikuwa imepungua hata kidogo.

Najua sababu nyingine inayowafanya mkwepe maji: kuamka usiku kwenda chooni. Kichwa cha mtoto kikishuka kwenye nyonga, kibofu hakina nafasi. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Majimaji yaliyotuama miguuni mchana hurudi kwenye damu mara tu unapolala, na figo huyageuza mkojo. Kwa hiyo usingoje usiku. Saa kumi alasiri lala ubavu nusu saa, miguu umeiinua juu ya mto au khanga zilizokunjwa. Utakwenda chooni kabla ya magharibi badala ya saa nane za usiku. Maji yako yanywe tangu asubuhi hadi jioni, glasi 8 hadi 12 kwa siku, kisha yapunguze saa mbili kabla ya kulala. Ukiwa chooni, inama mbele kidogo, maliza, subiri, kisha jaribu tena, maana kibofu kilichokandamizwa hakimalizi kwa mkupuo mmoja. Mkojo ukiwa na rangi ya njano iliyopauka, unakunywa vya kutosha. Soda usiihesabu.

Kwa miguu yenyewe, dawa ninayoiamini kuliko zote ni kutembea. Jua likishapoa zunguka mtaa, barabara mbili tatu za Ngamiani zinatosha, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kupanda. Ukikaa, zungusha vifundo. Beseni la maji ya baridi linasaidia. Vua pete mapema, usisubiri ikwame. Chumvi ya kwenye chakula haina neno, lakini usinyunyizie nyingine mezani. Vidonge vya kukojoza usinunue kabisa. Havitibu uvimbe huu na vinakunyang'anya maji unayoyahitaji. Aliyezuiwa maji na daktari kwa ajili ya moyo au figo afuate daktari wake. Na kwa mnaoingia Ramadhani mkiwa na mimba kubwa: ruhusa ya kufungua kwa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ipo ndani ya dini yenyewe. Mwulizeni sheikh wenu mapema.

Upande wa pili wa dhana hii unaniumiza zaidi. Ni wale wanaoambiwa "kuvimba ni kawaida ya mimba, vumilia," wakavumilia kisichovumilika. Uvimbe wa vifundoni unaopungua ukilala ni wa kawaida. Lakini uso ukivimba asubuhi, mikono ikajaa ghafla, kichwa kikauma na panadol isikitulize, macho yakaona ukungu au vimulimuli, au maumivu yakakaa chini ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Ndizo dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Presha ikifika 140/90 au kuzidi baada ya wiki 20 hatuiachi bila kuifuatilia, hata kama mama anajisikia mzima. Wapo wasiovimba kabisa na presha iko juu, na ndiyo maana kwenye kliniki tunapima presha na mkojo kila hudhurio. Usiniambie "leo nimekuja kuchukua vidonge tu."

Na mjamzito akianguka akatetemeka, hayo si mashetani. Kila dakika inayopotea kwa mganga ni dakika ambayo angekuwa amechomwa sindano ya magnesiamu. Kifafa hiki kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo dalili hizo hizo mzikumbuke mkiwa na mtoto mkononi.

Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kupata moto, usiukande. Inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Njoo.

"Kiungulia kikali, mtoto ana nywele nyingi"

Hili halina madhara, na utafiti mmoja mdogo wa Marekani wa mwaka 2006, wenye wanawake 64, kweli uliona uhusiano. Lakini nywele hazichomi kifua. Homoni hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, na mji wa mimba unalisukuma tumbo hilo, asidi inapanda. Kula kidogo kidogo, chakula cha usiku kiwe mapema, inua kichwa cha kitanda. Kinachonikera ni tiba zake: magadi, ambayo ni kujiongezea chumvi, na udongo wa kutafuna, unaofunga choo, unaoweza kuwa na mayai ya minyoo, na unaozuia mwili kupata madini ya chuma. Dawa za kiungulia zinazofaa kwa mjamzito zipo, uliza kliniki.

Hapo hapo niseme juu ya vidonge vya damu. Wengi wanaviacha mwezi wa tisa kwa sababu vinafunga choo. Usiviache. Meza pamoja na chungwa, la Muheza halikosekani sokoni, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Chai isubiri mpaka saa moja au mbili zipite baada ya kidonge. Mlenda na bamia pia ni vizuri kwa choo. Havilainishi njia ya mtoto, kwani vinapita kwenye utumbo na mtoto hapiti huko.

"Usigeuke kitandani bila kukaa, usiinue mikono kuanika nguo, kitovu kitamzonga mtoto"

Anika nguo zako. Kitovu humzunguka mtoto kwa sababu mtoto mwenyewe anacheza, na wengi wanaozaliwa nacho shingoni wanazaliwa salama. Kulala ndiko kwenye neno la maana: kuanzia wiki 28 anza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, khanga iliyokunjwa chini ya tumbo na mto kati ya magoti. Mgongo na nyonga vitakushukuru. Ukishtuka uko chali, geuka tu, uendelee kulala.

"Dawa ya maumivu ni dawa tu"

Mgongo unauma, dada anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki. Hapana. Diklofenaki na ibuprofeni katika miezi ya mwisho zinaweza kuathiri figo za mtoto na kufunga kabla ya wakati mshipa wa damu karibu na moyo wake. Parasetamo kwa kipimo sahihi inafaa. Kitambaa cha moto mgongoni kinafaa, na mume akukande kiuno. Tumbo lisikandwe kwa nguvu na mtu yeyote, hata awe bibi anayeaminika mtaa mzima. Miti shamba ya "kuongeza uchungu" ni mbaya zaidi, kwani hakuna anayejua kipimo chake, na mji wa mimba unaweza kubanwa kwa nguvu mpaka ukapasuka.

"Mtoto akikaribia kutoka hutulia"

Hatulii. Mateke yanaweza kubadilika kwa kuwa nafasi imebana, ukahisi anajinyoosha na kujisukuma, lakini hayapungui. Wengine hungojea siku mbili tatu kwa neno hili, wanafika tumechelewa. Kila mtoto ana mtindo wake, mwingine huamka baada ya chakula, mwingine usiku ukishalala. Ujue wa kwako. Ukiona amepungua kuliko kawaida yake, chukua kadi ya kliniki, mwite wifi au jirani akusindikize, upande bajaji siku hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Ukifika, usikae foleni kimya: mwambie nesi wa kwanza utakayemwona kwamba mtoto hachezi kama kawaida.