Krosova ya spika: ohm 8 ya kwenye lebo isikudanganye

Spika iliyoandikwa ohm 8 huwa na ohm 8 kwenye frikwensi chache tu. Kwingineko impedansi yake (upinzani wake kwa umeme wa sauti, unaopimwa kwa ohm) hupanda na kushuka. Krosova ni saketi inayogawa sauti kati ya twita (spika ya sauti nyembamba) na wufa (spika ya sauti nzito), na ile iliyotengenezwa kwa fomula tupu huharibikia hapo.

Tuseme unakata hezi 2,500, yaani hapo ndipo wufa anamwachia twita, kwa oda ya kwanza (kichujio cha kipande kimoja kwa kila spika). Kapasita ya twita ni 1 ugawanye kwa 2π × frikwensi × ohm, yaani mikrofaradi 8. Koili ya wufa inatoka milihenri 0.51. Hesabu haina kosa, ila imefanyiwa rezista, ambayo ohm zake hazibadiliki, si spika.

Wufa yenye Re (upinzani wa waya wa koili yake ya sauti, ile inayoitikisa) ya ohm 5.8 na Le (induktansi ya koili hiyo, inayoongeza ohm frikwensi ikipanda) ya milihenri 0.7 hufika karibu ohm 44 kwenye hezi 10,000. Koili yako ingepaswa kupunguza sauti hapo kwa desibeli 12, lakini itapunguza takriban 5 tu. Ule ukali unaosikika kwenye sauti za waimbaji, ambao wengi humlaumu twita, mara nyingi unatoka kwa wufa ambaye hakuzuiwa.

Dawa yake ni saketi ya Zobel: rezista na kapasita zikiwa mfululizo, kisha jozi hiyo ikaunganishwa sambamba na wufa. Rezista ni Re × 1.25, kwa hiyo 7.25, weka ya 7.5. Kapasita ni Le ugawanye kwa rezista hiyo kipeo cha pili, karibu mikrofaradi 13. Iunganishe kwenye terminali za wufa, baada ya koili. Ukiiweka kabla ya koili, upande wa amplifaya, haisaidii kitu.

Twita naye ana kilele cha impedansi kwenye rezonansi yake, yaani frikwensi anayotikisika kwa urahisi zaidi. Kikiwa ohm 20 kwenye hezi 1,000, ile kapasita ya mikrofaradi 8 itapunguza desibeli 3 tu badala ya karibu 9, na koili ya sauti ya twita inaweza kucheza kupita kiasi kisha iungue. Ndiyo maana mimi sikati chini ya mara mbili ya rezonansi ya twita, wala situmii oda ya kwanza bila sababu nzito.

Oda ya pili (vipande viwili kwa kila spika) ya aina iitwayo Linkwitz-Riley ndiyo mwanzo mzuri. Kwa hezi 2,500 na ohm 8, twita anapata kapasita ya mikrofaradi 4 mfululizo na koili ya milihenri 1 sambamba. Wufa anapata vipimo vilevile, koili mfululizo na kapasita sambamba. Geuza chanya na hasi za twita, kwa sababu kichujio hiki huzitenganisha fezi (mpangilio wa kupanda na kushuka kwa mawimbi) za twita na wufa kwa nyuzi 180. Koili mbili zisilaliane kwenye ubao: ziweke mbalimbali na uigeuze moja nyuzi 90, la sivyo usumaku wa moja utaivuruga nyingine.

Twita anayetoa desibeli 90 na wufa anayetoa 87 kwa nguvu ileile ya amplifaya hawalingani. Kupunguza desibeli 3, weka rezista ya ohm 2.3 mfululizo na ya 19 au 20 sambamba na twita, zote baada ya kichujio, ili kichujio kiendelee kuona ohm 8. Huenda ukalazimika kupunguza zaidi: ubao wa mbele wa sentimita 20 hupoteza besi kuzunguka hezi 575 na chini yake (gawanya 115 kwa upana wa ubao katika mita), na hasara hiyo inaweza kufika desibeli 6.

Baada ya hapo, pima. Maikrofoni iwe mita moja, usawa wa twita. Rudisha nyaya za twita kinyume na ulivyozifunga: grafu ikichimba shimo lenye kina pale kwenye hezi 2,500, fezi zimekaa sawa, nawe uzirejeshe. Shimo likiwa la juujuu au limesogea pembeni, kwa kawaida koili ya sauti ya wufa imekaa nyuma ya ile ya twita. Sentimita 2 zinaonekana ndogo, lakini kwenye frikwensi hiyo wimbi lina urefu wa sentimita 13.7, kwa hiyo ni nyuzi 53 za fezi. Jaribu kuinamisha ubao wa mbele kuelekea nyuma, au mpe twita oda ya tatu huku wufa akibaki na ya pili, kisha upime tena nyaya zikiwa pande zote mbili.