Masista wa Khedive Ismail: majina yao yako wapi?

Mwezi Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Moja ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa Kikosi cha 301. Wanawake walikuwa 83, na zaidi ya 50 kati yao ni wauguzi wa jeshi la Uingereza, walioitwa masista, pamoja na matroni wao.

Wauguzi wengi wa jeshi wakati ule hawakuwa wanajeshi wa kudumu. Walisomea kazi yao katika hospitali za kiraia, vita vilipozuka wakajiandikisha kwa hiari katika akiba ya Queen Alexandra's Imperial Military Nursing Service, yaani idara ya wauguzi wa jeshi la Uingereza, wakavaa sare ya kijivu na nyekundu na kupelekwa popote palipokuwa na majeruhi. Mapigano ya Burma yalikuwa yakipamba moto, na huko malaria ililaza askari kama risasi zilivyowalaza.

Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topedo mbili. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Wengi walikuwa ndani, baadhi yao ukumbini wakisikiliza muziki, na mashua za kujiokolea hazikuwahi kushushwa ipasavyo. Kisha nyambizi ikajificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Manowari Petard, iliyokuwa ikiulinda msafara, ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji huku watu wakiwa pale pale. Kuiacha nyambizi kungehatarisha meli nne zilizobaki, na maafisa wa manowari walijua wanachofanya. Siku hiyo hiyo I-27 ilizamishwa na Petard. Waliokufa katika Khedive Ismail ni karibu watu 1,300. Kati ya wale wanawake 83 waliokoka sita tu, na haijatokea ajali nyingine iliyoua wanawake wengi kiasi hicho wa majeshi ya Jumuiya ya Madola.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ina kanuni kwamba asiye na kaburi jina lake liandikwe kwenye mnara. Lakini majina hupangwa kwa kufuata jeshi, si meli. Kwa hiyo askari wa mizinga wanakumbukwa Nairobi, kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, na wauguzi wako Brookwood, Uingereza. Utaratibu huo una mantiki yake ya kiofisi. Kwangu mimi ni hasara: waliosafiri na kufa pamoja hawasomwi pamoja.

Ukimtafuta ndugu aliyepotea katika meli hiyo, fungua orodha ya Tume kwenye intaneti na uanze na tarehe ya kifo, kisha kikosi, East African Artillery. Usianze na jina. Makarani waliandika majina ya Kiafrika kwa jinsi walivyoyasikia, hivyo jaribu tahajia mbili tatu, na kama familia ina kadi ya zamani yenye namba ya askari, hiyo ndiyo ya kuaminika zaidi.