Uzi wa gurudumu na shaka ya wafumaji

Wanafunzi wangu wa kusokota hupenda kukimbilia gurudumu. Mimi huwapa kwanza kijiti cha kusokotea kwa mkono na fungu la pamba iliyochambuliwa, kisha huwaambia: gurudumu utaligusa siku uzi wako utakapofaa kwa mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa nguo.

Pwani yetu inakijua kijiti hicho tangu zamani. Huko Kilwa wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa kukifanya kijiti kiendelee kuzunguka. Naye Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta nguo zinazofumwa hapo zikisafirishwa hadi Misri.

Gurudumu limo katika mchoro wa Baghdad wa mwaka 1237. Nchini India, mshairi Isami aliitaja charkha, yaani gurudumu la kusokotea, mwaka 1350. Asili ya jina ni charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu, iliyotupa sisi cherehe ya kunolea visu na cherehani. Charkha ni kijiti kilekile, ila kimelazwa na kufungwa kamba itokayo kwenye gurudumu kubwa. Gurudumu likizunguka mara moja, kijiti kimeshazunguka mara nyingi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unarudi nyuma na pamba polepole, uzi unajipota kwenye ncha. Kisha unasimama, unauzungushia kijiti, unaanza upya.

Tatizo ni ule mkono mmoja. Pamba ikija nene hapa na nyembamba pale, hakuna vidole vya kuisawazisha. Ndiyo maana huko Speyer, Ujerumani, karibu mwaka 1280, kanuni za wafumaji ziliruhusu uzi wa gurudumu kwa mshindio tu (uzi unaopitishwa kwa upana kati ya nyuzi za mtande), si kwa mtande. Nawaunga mkono kabisa. Mtande umekazwa kwenye kitanda cha mfumi na kila pigo la chanuo linalobana mshindio linaukwaruza. Ukikatika mmoja, kazi imesimama.

Baadaye Ulaya ikapata panda yenye kulabu, kipande cha pembe mbili kinachosokota uzi na kuuzungushia kijiti kwa mpigo mmoja (mchoro wa Ujerumani wa karibu mwaka 1480 unaionyesha), kisha pedali, na mikono yote miwili ikawa huru. Kwa kitani na sufu ikawa nafuu kubwa. Pamba, yenye nyuzi fupi, iliendelea kusumbua: Lancashire, Uingereza, hata katika karne ya 18 walitanda kitani na kupitisha pamba kama mshindio. James Hargreaves alipopanga vijiti 8 kwenye mashine moja, miaka ya 1760, uzi ulikuwa mwingi ila laini, ukaishia kwenye mshindio vilevile.

Mwaka 1769 Richard Arkwright akapata hataza ya mashine yenye jozi za roli, kila jozi ikienda kasi kuliko iliyotangulia, zikiivuta pamba sawasawa kama vidole vinavyofanya. Uzi wake ukatandwa.