Mpingo haupigwi picha kama mbao nyingine

Ninapiga picha za bidhaa hapa Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vinyago vya Kimakonde vinavyokwenda kwenye minada ya mtandaoni. Wengi wanaonifuata wameshajipigia wenyewe kwa simu, wakaweka tangazo eBay, mnada ukafungwa kwa dau la aibu au bila dau kabisa. Nikifungua picha zile naona jambo lilelile: fundi kachonga vizuri, lakini kwenye picha limebaki gogo jeusi. Macho hayaonekani, vidole vimemezwa, na nyuma yake kuna ukuta mweupe unaochoma macho.

Usikimbilie kulaumu simu. Mninga au mvule hupokea mwanga na kuusambaza kila upande, ndiyo maana hata ukiupiga picha kizembe bado unaonekana. Mpingo uliopigwa msasa ukang'arishwa haufanyi hivyo. Mwanga mwingi unamezwa, na ule mdogo unaorudi hurudi kwa upande mmoja, kama kwenye kioo. Kwa hiyo umbo la kinyago tunaliona kwa ile mistari ya mng'ao inayopita kwenye paji la uso, begani, kwenye ukingo wa mdomo. Hiyo mistari ndiyo unayoipiga picha. Ukileta taa mbele yake utapata doa moja jeupe la taa, na weusi uleule pembeni. Flashi ya simu izime kabisa.

Basi mimi huanza kwa kujiuliza kinyago hiki kitaakisi nini. Nakiweka mezani karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Upande wa pili nasimamisha karatasi nyeupe ya manila, kisha naisogeza polepole huku macho yangu yakiwa kwenye kioo cha simu, kwa sababu kinachotakiwa ni kile lenzi inachokiona kutoka pale ilipo. Manila ikigeuka kidogo tu, kila kitu kinabadilika. Kuna mahali utaona mstari mwembamba mweupe unateremka shavuni hadi kidevuni, na uso mzima unajitokeza. Hapo acha, usiguse tena.

Kinyago cha ujamaa, chenye watu waliobebana na kushikana kutoka chini hadi juu, kinataka subira zaidi. Manila moja haitoshi. Naongeza kipande kidogo chini, mbele ya kinyago lakini nje ya picha, ili mwanga upenye kwenye matundu kati ya mikono na miili. Anayeujua ujamaa hutazama matundu hayo kwanza, maana huko patasi ilipita kwa shida na huko ndiko fundi hodari hutofautiana na mwanagenzi. Ukiyaacha yakiwa meusi tii umeficha kazi ya mtu.

Jua la nje si rafiki wa kazi hii. Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua la adhuhuri liko karibu utosini, na nyusi za kinyago hutupa kivuli machoni. Kama chumba ni cha giza, toka barazani, kaa kivulini, asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Kamera nayo hukisia kwamba kila kitu ni cha wastani, si cheusi wala si cheupe. Kinyago kikijaa kwenye picha, inapandisha mwangaza hadi mpingo unakuwa kijivu kama mkaa uliozimika. Ukiweka ukuta mweupe nyuma, inashusha, na mpingo unageuka shimo. Mimi hutandika kitambaa cha kijivu au rangi ya mchanga, kisicho na maua. (Kanga naipenda sana, lakini hapa itagombania macho ya mnunuzi.) Gusa uso wa kinyago kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwangaza kwa kidole hadi weusi urudi kuwa weusi. Rudi nyuma kidogo uvute kwa lenzi ya mara 2, simu ikiwa usawa wa kifua cha kinyago. Ukisogea karibu mno, pua hutuna.

eBay inaruhusu hadi picha 24 kwa tangazo, na inashauri upande mrefu ufike pikseli 1600. Maandishi na fremu juu ya picha haitaki, hivyo ile desturi ya kubandika bei na namba ya simu iache Instagram.

Picha ninayoisisitiza kuliko zote ni ya kitako. Pale mara nyingi hapajang'arishwa, kiini cheusi kinaonekana kilivyo, pengine na utepe wa mti mweupe wa nje. Mnunuzi anataka uhakika kwamba si mti mwingine uliopakwa kiwi. Tena tangu 2017 karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo swali la "ni mti gani huu?" si la udadisi tu.

Ufa nao upigwe picha, rula ikiwa pembeni. Mpingo uliochongwa mbichi hupasuka unapokauka, na wanunuzi wazoefu wanalijua hilo. Asipouona kwenye picha atadhani umefichwa, na atajilinda kwa kuweka dau dogo.

Kama ndugu yako aliye nje ndiye anayekuwekea tangazo, usimtumie WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana picha hubanwa na ile mistari myembamba ya mng'ao huvurugika. Mtumie kama dokumenti.