Asubuhi akiamka, hatua za kwanza zikoje?

Mzee mmoja aliniletea mbwa wake wa ulinzi, ana miaka 9. Nikamuuliza, “Mzee wangu, anaumwa miguu?” Akajibu, “Hapana, Daktari, ni uzee tu.” Nikabadilisha swali: asubuhi akiamka, hatua za kwanza zikoje? Hapo akanieleza kwa kirefu. Mbwa hujiinua kwa miguu ya mbele, husita, huburuta ya nyuma, halafu akishazunguka ua hukunjuka. Ugonjwa wa viungo ulikuwa wazi. Swali langu la kwanza ndilo lililokuwa bovu.

Kliniki mbwa ana hofu, na mwenye hofu huficha kuchechemea. Picha ya eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi anavyoishi nao. Anayejua hayo ni mtu wa nyumbani, ndiyo maana nalithamini sana dodoso, yaani karatasi ya maswali anayojaza yeye.

Mwaka 2007 Dorothy Cimino Brown na wenzake wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha dodoso linalomtaka mwenye mbwa akadirie maumivu yenyewe, kuanzia 0 hadi 10. Mimi naegemea zaidi lile la Helsinki, Finland: maswali 11, kila moja alama 0 hadi 4, mengi yakihusu yanayoonekana kwa macho, kama kulala, kuinuka, kuruka, kucheza.

Kutunga dodoso ni kazi ndefu. Unaanza kwa kuwasikiliza wenye mbwa, maneno yao ndiyo yanayozaa maswali. Kisha unawapa wenye mbwa wazima na wenye mbwa wagonjwa. Alama zisipoachana, dodoso halifai. Unarudia kwa watu walewale baada ya muda mfupi, hali ya mbwa ikiwa haijabadilika, uone kama majibu yanabaki palepale. Mwisho unaangalia kama dawa inashusha alama kuliko kidonge kisicho na dawa.

Hapo mwisho ndipo penye mtego. Mwaka 2012 watafiti Conzemius na Evans walionyesha kwamba wenye mbwa waliopewa kidonge kitupu waliona nafuu ambayo haikuwepo katika karibu asilimia 40 ya tathmini zao. Hawakudanganya. Walimpenda mbwa, wakatamani apone.

Kutafsiri nako si kubadilisha maneno tu. Dodoso jingine, la Liverpool, Uingereza, lina swali kuhusu baridi yenye unyevunyevu. Njombe litaeleweka, Dar es Salaam mtu atakutazama tu. Ngazi je, kwa mbwa anayelala uani maisha yake yote? Swali la namna hiyo ukiliondoa au kulibadilisha, dodoso limekuwa jipya, na lazima lipimwe upya kwa mbwa wa hapa.

Siku hizi kabla sijatoa karatasi nauliza nani humlisha mbwa na kumfungulia alfajiri. Mara nyingi ni kijana wa kazi, aliyebaki nyumbani. Ninampigia simu, tunajaza pamoja, na baada ya wiki mbili nampigia yeye yule.