Fosi akaunti sio kazi ya bure

Huku Tanga, Muheza mpaka Pangani, bado watu wanaamini hela ya serikali ikija shuleni kwa fosi akaunti basi mafundi wanajitolea tu. Sio kweli jamani. Fosi akaunti maana yake hakuna mkandarasi, shule kupitia kamati zake inanunua saruji, nondo na mabati yenyewe halafu inaingia mkataba wa ufundi na fundi wa hapo hapo, analipwa kwa hatua, msingi, boma, kupaua mpaka finishingi. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO mwaka 2021, milioni 20 kila moja, hela ya fundi ilikuwa humo humo. Nguvu za wananchi, kuchimba msingi au kusomba mchanga, ni jambo lingine, mnakubaliana kijijini. Fundi, kabla hujashika mwiko dai mkataba uliosainiwa, na vibarua wako walipe, inauma sana mtu kujenga darasa la mwanae akarudi nyumbani mikono mitupu.